Vijana wanne wa mauzo, nani nimuweke wapi?

Mwenye Matangi, Kisauni:
Salaam wadau. Nina kiduka cha matangi ya maji na vijana wanne. Mmoja ana mdomo huyo, akikushika njiani hakuachi mpaka ucheke. Wa pili mkimya, yeye na kalkuleta yake tu. Wa tatu dada mpole, wamama wanamwambia mpaka siri za nyumbani kwao. Wa nne anabana, "wachukua leo ama lini?" Sasa juzi nkamtuma yule wa mdomo hoteli moja Nyali, wakapiga stori weee na jamaa wa manunuzi, wakaagana vizuri, LPO, ile karatasi yao ya kuagiza mzigo, mpaka leo sijaiona. Niwapange vipi?

Bin Fundi:
Mtu hukukosea, ulikosea pa kumtuma. Jamaa wa manunuzi hanunui kwa pesa yake, yuwataka karatasi ya kujitetea kwa bosi wake: bei na VAT, waranti, mzigo wafika lini. Huyo wa kalkuleta ndo wake. Malandlodi pia mpe yeye. Tangi la lita 1000 ni mitungi 50 ya lita 20, sasa amwache mwenye nyumba azidishe mwenyewe na bei ya mtungi mmoja wa maji ya mkokoteni mtaani kwake siku mifereji imekauka, akishajipigia hesabu kwa mkono wake huna haja ya kumbembeleza tena. Wa mdomo mpeleke sokoni Kongowea, kule watu wapita mbio, kazi yake awasimamishe achukue namba za simu basi.

Mama Leso:
Na huyo dada usimfungie dukani ajibu simu jamani! Nimeuza vyombo kwa wamama wa chama hapo Majengo miaka, mama hashtuki na maneno matamu, anataka kujua la jirani limepasuka ama bado lipo. Aanze na mama mmoja anayesikizwa mtaani, tangi likishasimama pale kila mtu analiona. Mambo ya lipa mdogo mdogo pia aeleze yeye, maana mtu huona haya kumwambia yule mkali kwamba hana pesa yote.

Kijana wa Likoni:
Mwawapanga kama timu ya mpira na hakuna aliyeuliza komisheni inalipwaje. Kama anakula anayefunga mauzo peke yake, wa mdomo hatompa mwenzake namba hata moja. Duka nlilofanya kazi zamani vijana wawili walivutana mteja wakaanza kutukanana, kugeuka, mteja yuko duka la pili alipia.

Mwenye Matangi, Kisauni:
Duh. Komisheni ni ya anayefunga tu, hapo nshakamatika. Wa kubana je?

Bin Fundi:
Wa madeni huyo, wale wa mdogo mdogo waliozima simu. Wateja wapya asiwaguse, na asimpigie mtu saa ya magharibi.

Mwenye Matangi, Kisauni:
Hahaha ndo saa yake hasa. Haya, kesho naanza na hiyo komisheni.