Naomba ushauri: "avoid" naifundishaje ieleweke?

Habari zenu wadau. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa Kiingereza. Nafundisha tuisheni ya jioni kwa watoto wa kidato cha pili, na kitenzi "avoid" kinanitoa jasho.

Maana wanaijua: kuepuka, kukwepa. Shida ni matumizi. Nikiwapa "Epuka kunywa maji yasiyochemshwa", wananiandikia "avoid to drink". Nikisahihisha kuwa ni "avoid drinking", kuna binti wa dawati la mbele ananibana: mbona "refuse to drink" ni sahihi? Ana hoja. Kwetu kuepuka kunywa, kukataa kunywa, kupenda kunywa, zote ni "ku-" ile ile. Nimewaambia wakariri kuwa avoid, enjoy na finish zinafuatwa na "-ing", lakini mtihani ukija wanachanganya tena.

La pili ni "prevent". Chandarua kinazuia mbu wasiingie, wao wanaandika "the net avoids mosquitoes". Huwa nasema avoid ni wewe kujiweka mbali na kitu, prevent ni kukizuia kisitokee. Maelezo haya yanatosha, au nawapotosha?

"Tax avoidance" na "tax evasion" hata sijagusa. Ya kwanza hufanywa ndani ya sheria, ya pili ni kosa, ila mtaani zote tunaita kukwepa kodi. Hizo nawaachia wahasibu.

Mwenye zoezi la darasani lililomsaidia anigawie tafadhali, hata kama ni mchezo tu. Natanguliza shukrani.