Kupima afya ya betri na mizunguko ya kuchaji: ukurasa wa kifaa chenyewe, programu, kompyuta au kipimo cha USB?

Mratibu_Moro

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia vifaa vya timu ya ukusanyaji wa takwimu mkoani Morogoro. Tuna vishikwambi vya Samsung, simu za Tecno na Infinix, pamoja na iPad kadhaa ambazo tulipewa na wafadhili zikiwa zimekwishatumika. Kabla ya msimu wa kwenda vijijini, ambako mara nyingi hakuna pa kuchajia mchana kutwa, ninatakiwa kuamua ni vifaa vipi vibadilishwe betri na vipi viachwe kama vilivyo, kwa kuwa bajeti haitoshi kubadilisha zote.

Nimesikia zikitajwa njia nne: ukurasa wa afya ya betri uliomo ndani ya kifaa, programu ya AccuBattery, usomaji wa kompyuta kwa kebo, na kile kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya chaja na waya. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia, hasa kwa vifaa ambavyo vyenyewe havioneshi chochote.

Fundi_Likoni

Mratibu, kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni idadi ya mizunguko, na mzunguko hauhesabiwi kila unapochomeka chaja bali pale jumla ya chaji iliyotumika inapofikia asilimia 100. Aliyetumia asilimia 60 leo na 40 kesho amemaliza mzunguko mmoja, hata kama kati yake alichomeka mara nyingi. Ya pili ni uwezo uliobaki, yaani betri inabeba kiasi gani leo ukilinganisha na ilipotoka kiwandani. Mizunguko inaeleza betri imefanya kazi kiasi gani. Uwezo unaeleza kazi hiyo, pamoja na joto, imeila kiasi gani. Betri mbili zenye mizunguko sawa zinaweza kutofautiana sana ikiwa moja imeishi kwenye dashibodi ya gari.

Kwa upande wa Apple, ukurasa wa afya ya betri uliingia kwenye iPhone na iOS 11.3 mwaka 2018, baada ya kampuni kukiri mwishoni mwa 2017 kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Hata hivyo, idadi ya mizunguko inaonekana tu kuanzia iPhone 15, na kwa iPad ukurasa huo umeanza na matoleo ya 2024, yaani iPad Pro yenye chipu ya M4 na iPad Air yenye M2. Hizo za wafadhili, kama ni za zamani zaidi, hutapata kitu kwenye Mipangilio hata ukitafuta mpaka usiku.

Kwa hizo tumia kompyuta. Kwenye Mac kuna coconutBattery. Kwenye Windows kuna iMazing na 3uTools. Zote zinasoma chipu ileile iliyomo ndani ya betri, kwa hiyo idadi ya mizunguko italingana, na kazi inachukua dakika chache kwa kila kifaa. Asilimia ndiyo inayoweza kutofautiana kidogo na ile ya Apple, kwa sababu programu hizi zinagawanya tu uwezo wa sasa kwa uwezo wa kiwandani bila kulainisha mabadiliko ya siku hadi siku. Usishangae betri mpya ikisomeka zaidi ya 100.

Kipimo cha kulinganishia: Apple inasema betri ya iPad imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000, sawa na iPhone 15 na kuendelea, wakati iPhone 14 na zilizotangulia ni mizunguko 500.

Mchambuzi_Dom

Ninaongezea upande wa Android, ambako hali ni ya vurugu zaidi. Jambo la kwanza ni kulikataa neno «nzuri» linaloonekana kwenye programu nyingi za bure. Mfumo wa Android una kipengele cha zamani kinachoitwa afya ya betri, lakini kinaripoti hali tu kama vile joto kupita kiasi, baridi, volti kuzidi au betri kufa. Betri iliyobaki na nusu ya uwezo wake, mradi haina joto, itaandikwa kuwa ni nzuri. Programu inayochukua neno hilo na kulipamba kwa rangi ya kijani haijapima chochote.

Njia yangu ni kompyuta na kebo. Ukiwasha utatuzi wa USB (USB debugging, ruhusa ya kompyuta kusoma kifaa kwa kebo) kwenye kishikwambi, kisha ukaandika kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuwasiliana na Android, amri ya `adb shell dumpsys battery`, utapata orodha fupi yenye kiwango cha chaji, volti, joto na, kwa vifaa vingi, kihesabu cha chaji kilichomo kwa wakati huo. Tuseme kihesabu kinasoma 3,120,000, ambazo ni mAh 3,120 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri), huku kiwango kikiwa asilimia 78. Gawanya 3,120 kwa 0.78 na utapata mAh 4,000. Kama betri iliandikwa mAh 5,000 kiwandani, imebaki na asilimia 80. Katika Samsung kadhaa orodha hiyo ina pia mstari wa `mSavedBatteryAsoc`, ambao ni makadirio ya kampuni yenyewe ya uwezo uliobaki, lakini haumo katika vifaa vyote.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya simu za bei nafuu hazina chipu ya kupima chaji inayoingia na kutoka, hivyo kihesabu hicho hutengenezwa kwa kuzidisha asilimia kwa uwezo wa kiwandani. Ukipiga hesabu kwenye viwango tofauti vya chaji na kila mara ukapata 5,000 kamili bila kupungua hata kidogo, ujue simu inakurudishia namba iliyokaririshwa.

Mwalimu_Kondoa

Mimi ni miongoni mwa walimu waliopata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na nimekuwa nikifuatilia changu kwa AccuBattery. Programu hii haisomi namba iliyohifadhiwa. Inapima mkondo wa umeme unaoingia kwenye betri wakati wa kuchaji, inazidisha kwa muda, kisha inalinganisha na asilimia iliyopanda. Kwa sababu hiyo haiwezi kukupa jibu siku ya kwanza. Inahitaji kuchaji mara kadhaa, tena kwa masafa marefu, kwa mfano kutoka asilimia 15 hadi 90, kwani kuchaji kwa asilimia kumi tu kunabeba makosa makubwa.

Kasoro yake kwa simu zetu ni kwamba Tecno, Infinix na Xiaomi zina tabia ya kuua programu zinazofanya kazi chinichini, hivyo usipoiruhusu kwenye mipangilio ya betri, vipimo vyako vitakuwa na matundu. Faida yake ni mwelekeo: ninaona uwezo ukishuka mwezi hadi mwezi, na mwelekeo huo ninauamini kuliko namba yoyote moja.

Mchambuzi_Dom

Mwalimu, kwa kishikwambi kimoja ninakubaliana nawe. Kwa vifaa vingi vinavyotakiwa kupangwa ndani ya wiki moja, AccuBattery ni mzigo. Isitoshe, simu zenye seli mbili (betri mbili ndogo ndani ya moja) zilizounganishwa mfululizo, ambazo ni za kawaida kwenye chaji ya kasi sana, zinaweza kuripoti nusu ya mkondo, na asiyejua atabadilisha betri nzima iliyo salama.

Mwalimu_Kondoa

Hilo la seli mbili ni kweli, ingawa vishikwambi vya namna ya Mratibu kwa kawaida havina chaji ya kasi hiyo.

Duka_Kkoo

Ninanunua na kuuza simu zilizotumika, kwa hiyo naangalia jambo hili kwa jicho la mtu anayeweza kudanganywa. Namba zote zinazotoka kwenye chipu ya betri, iwe ni kwenye ukurasa wa simu au kwenye 3uTools, zinaweza kuandikwa upya. Mafundi wanavyo vifaa vya kufanya hivyo, na baadhi yao wanavitumia kwa nia njema, kwa mfano kuhamisha taarifa za betri ya zamani ili simu isilalamike. Wengine wanavitumia kuandika asilimia 100 juu ya betri iliyochoka. Mimi ninapokutana na iPhone ya miaka minne yenye asilimia 100 na mizunguko michache, sifurahi. Ninatazama tarehe ya kutengenezwa kwa betri pale inapoonekana, na kama simu inaonesha ujumbe kwamba betri haikuthibitishwa kuwa ni halisi.

Kwa Mratibu hili si tishio kubwa, kwa sababu vifaa ni vyako, lakini iPad za wafadhili hujui zimepitia mikono ya nani. Hapo ndipo kipimo cha USB kina heshima yake. Kizime kifaa kikiwa karibu tupu, kichaji mpaka kijae, kisha usome saa-wati (Wh, kiasi cha nishati) zilizoingia. Usisome mAh za kipimo, maana kinahesabu kwa volti 5 au zaidi wakati seli inahesabiwa kwa takriban volti 3.8, na ndiyo maana watu hupata majibu ya ajabu. Betri ya mAh 5,000 kwa volti 3.85 ni kama saa-wati 19, na kipimo kitaonesha zaidi kidogo kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kama joto. Ni njia ya polepole, ila hakuna chipu ya kuidanganya.

Mzanzibari_Bremen

Kuna jambo litakalobadilisha mjadala huu kwa vifaa vitakavyofika kwenye masoko ya mitumba baadaye. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na vishikwambi vipya vinavyoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya vinatakiwa kubaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na mtumiaji awezeshwe kuona tarehe ya kutengenezwa kwa betri, tarehe ya kutumika kwa mara ya kwanza, idadi ya mizunguko na afya yake. Android nayo, kuanzia toleo la 14, imeweka nafasi rasmi ya kuripoti idadi ya mizunguko, ingawa kila mtengenezaji anaamua kama ataijaza.

Mratibu_Moro

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba iPad nizisome kwa 3uTools na Samsung kwa amri ya kompyuta. Limebaki kundi la Tecno na Infinix, ambazo baadhi zinarudisha ile namba iliyokaririshwa. Pia ninauliza: nikate wapi? Asilimia 80 kwa vifaa vyote?

Fundi_Likoni

Kwa kundi hilo huhitaji asilimia, unahitaji mpangilio. Chukua simu za aina moja, zichaji mpaka zijae, ziweke kwenye hali ya ndegeni na mwanga wa kioo ulio sawa, kisha zichezeshe video ileile iliyohifadhiwa ndani, ukiandika saa ambayo kila moja imefika asilimia 20. Zitajipanga zenyewe kuanzia iliyo nzima hadi iliyochoka, na utabadilisha kutoka mkiani kadiri bajeti inavyoruhusu. Usichanganye matokeo haya na yale ya 3uTools katika jedwali moja.

Kuhusu kukata, asilimia 80 ni mstari wa watengenezaji, lakini swali lako ni kama kifaa kinamaliza siku ya kazi. iPad yenye 78 inayorudi kambini jioni na chaji ya kutosha, iache. Kinyume chake, simu inayozimika ikiwa na asilimia 30, badilisha betri hata kama programu inasema 88, kwa sababu ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa betri kutoa umeme, umepanda na volti inaanguka kamera na mtandao vinapofanya kazi pamoja, na hakuna namba kati ya hizo zote inayopima hilo. Na chochote ambacho kioo au mfuniko wake umeanza kuinuka, kizime na ukitenge leo kabla hujakipima. Betri iliyovimba haichajiwi tena.

Mratibu_Moro

Kuna vishikwambi viwili ambavyo vioo vyake vimeachia pembeni. Nilidhani vilianguka.

Fundi_Likoni

Usivibonyeze virudi. Viweke mahali penye hewa, mbali na karatasi na magodoro, na umwambie fundi kabla hajafungua kwamba unashuku betri imevimba, ili asiing'oe kwa kutumia chuma.