Queen: albamu ipi ya studio ni bora kuliko zote, na ipi ni dhaifu kuliko zote?

Mzee wa Santuri

Wanajukwaa, salamu kwenu. Mjadala wa albamu za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, umekuwa ukichomoza katika mada nyingine na kuzivuruga, nami nimeona afadhali tuupe uwanja wake. Tukiacha mikusanyo ya nyimbo teule na rekodi za jukwaani, ni albamu ipi ya studio iliyo bora kuliko zote, na ipi iliyo dhaifu kuliko zote? Greatest Hits ya 1981 naiacha nje kwa makusudi. Ndiyo albamu iliyouzwa kuliko nyingine yoyote nchini Uingereza, na wengi wetu huku Afrika Mashariki tuliwajua Queen kwa kanda yake, lakini aliyeizoea sana hudhani kwamba bendi hii ilikuwa ikitoa nyimbo za redioni tu, ilhali kila albamu ilikuwa na mpangilio na tabia yake.

Kipimo changu ni kimoja. Queen haikuwa bendi ya mtunzi mmoja na wasindikizaji watatu. Freddie Mercury (mwimbaji), Brian May (gitaa), Roger Taylor (dramu) na John Deacon (besi) wote walitunga, na kila mmoja wao ana angalau wimbo mmoja uliotamba duniani. Kwa hiyo albamu yao naiona bora pale ambapo wote wanne wanasikika wakivutana bila kamba kukatika, na dhaifu pale ambapo mmoja wao amesukumwa pembeni.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni A Night at the Opera ya Novemba 1975. Watu huikumbuka kwa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 uliokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 9, lakini uzito wa albamu hii umo katika nyimbo zinazouzunguka. Deacon, ambaye alikuwa mkimya kuliko wenzake, anatoa You're My Best Friend na kuupigia piano ya umeme ya Wurlitzer ambayo Mercury hakutaka hata kuigusa. Taylor anaimba mapenzi ya mtu kwa gari lake, na anaimba kwa dhati kabisa. May anatoa The Prophet's Song, wenye zaidi ya dakika 8, ambamo sauti ya Mercury inarudishwa juu yake yenyewe kwa mwangwi hadi mwimbaji mmoja anakuwa kwaya. Kisha katika Good Company May huyo huyo analifanya gitaa lake liige tromboni na klarineti za bendi ya jazi ya zamani. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Ya mwisho ni Hot Space ya 1982. Upande wake wa kwanza umekabidhiwa mashine ya dramu na vinanda vya umeme, na mpiga gitaa mwenye sauti inayotambulika upesi kuliko karibu wote wa kizazi chake ameachiwa makombo. Karibuni.

Binti Shangani

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu kuiacha nje Greatest Hits, lakini kipimo chako sikikubali, kwa sababu kinaiadhibu albamu ninayoiona kuwa kilele chao, yaani Queen II ya Machi 1974.

Santuri hiyo haina Upande A wala Upande B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa May, isipokuwa wimbo mmoja wa Taylor unaoufunga. Mweusi wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ni utunzi wa Mercury. Deacon hana wimbo hata mmoja. Kwa hesabu yako ya watunzi wanne, albamu hii ingeshindwa kabla haijawekwa kwenye mashine. Sasa usikilize huo Upande Mweusi bila kusimama. Ogre Battle unaanza na utepe uliochezwa kinyumenyume. Unafuatia wimbo unaosimulia mchoro wa Richard Dadd, ambamo Mercury anapiga harpsikodi, na wimbo huo unamwagikia katika Nevermore bila hata pumzi, kisha unakuja The March of the Black Queen, unaobadilisha mwendo mara nyingi kiasi kwamba msikilizaji mgeni hudhani ni nyimbo tatu. Kila kitu kinachosifiwa katika Bohemian Rhapsody kilikuwa kimekwisha kujaribiwa hapa, mwaka mmoja na nusu kabla. Hata ile picha maarufu ya vichwa vinne gizani, ambayo watu huifahamu kutokana na video ya 1975, ni jalada la Queen II, lililopigwa na Mick Rock.

Huku kwetu Unguja, mgeni akishapiga picha mbele ya jumba la makumbusho la Freddie huulizia wimbo mmoja tu. Ningependa siku moja aulizie Upande Mweusi.

Kuhusu iliyo dhaifu, sioni sababu ya mjadala mrefu. Ni Flash Gordon ya Desemba 1980. Ni muziki wa filamu uliochanganywa na maneno ya waigizaji, na nyimbo zenye uimbaji kamili ni mbili tu.

Mpiga Besi wa Kisumu

Dada Binti Shangani, Flash Gordon usiihukumu kwa sheria za albamu ya kawaida. Waliagizwa kutengeneza muziki wa filamu, wakautengeneza. Kuitaja kuwa dhaifu kuliko zote ni kulikwepa swali.

Nimekuja kuitetea Hot Space, na sitaitetea kwa huruma. Mzee anasema mmoja amesukumwa pembeni. Je, katika albamu za kwanza, Deacon hakuwa pembeni? Katika albamu ya kwanza na ya pili hana utunzi wowote. Wimbo wake wa kwanza ni Misfire, katika Sheer Heart Attack, nao hauzidi dakika 2. Hakuna aliyelalamika. Kisha 1980 mtu huyo huyo akaandika Another One Bites the Dust, uliofika namba 1 Marekani, na ndipo sauti yake ikapata nafasi. Back Chat ni wa kwake, na besi yake humo ni fanki safi isiyotafuta sifa. Cool Cat aliutunga pamoja na Mercury, nao Mercury anauimba karibu wote kwa sauti nyembamba ya juu ambayo hakuitumia hivyo mahali pengine popote. Kipimo chako cha watunzi wanne, mzee, ukikitumia kwa haki kinaipandisha Hot Space badala ya kuishusha.

Mwenye shaka atafute onyesho la Milton Keynes la tarehe 5 Juni 1982, lililotolewa rasmi mwaka 2004. Staying Power ya studio ina matarumbeta yaliyopangwa na Arif Mardin na gitaa dogo sana. Ile ya jukwaani haina matarumbeta, gitaa la May limechukua nafasi yake, na wimbo unasimama wenyewe. Utunzi haukuwa na kasoro. Kilichobishaniwa ni upambaji tu.

Leicester Ughaibuni

Ndugu Mpiga Besi amejenga hoja vizuri, ila ameacha mazingira ya wakati ule. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa hadharani mbele ya umati. Chuki ile ilikuwa bado hai katika redio za roki za Marekani Queen walipoingia na albamu ya kuchezea dansi. Ziara yao ya 1982 ndiyo iliyokuwa ya mwisho Marekani wakiwa na Mercury. Sisemi kwamba Hot Space peke yake ndiyo iliyofunga mlango huo, lakini sehemu ya sifa yake mbaya ilitokana na nani aliyekuwa akisikiliza.

Kwa upande wangu bora ni Sheer Heart Attack ya Novemba 1974, na nashangaa haijapata mtetezi. May aliugua homa ya ini, na baadaye kidonda cha utumbo, hivyo wenzake wakaanza kurekodi bila yeye na kumwachia nafasi za gitaa, akaja kuzijaza alipopata nafuu. Huwezi kusikia mahali palipoungwa. Killer Queen una dakika 3 tu, lakini kila ubeti una jambo dogo jipya linalotokea mara moja na halirudi tena. Stone Cold Crazy unakimbia kwa kasi ambayo bendi za metali zilikuja kuifanya kawaida miaka mingi baadaye. Naipendelea kuliko A Night at the Opera kwa sababu inajua kunyamaza kwa wakati. Sweet Lady, kwa mfano, ungeweza kuachwa nje ya ile ya 1975 na hakuna ambaye angeusikitikia.

Fundi Mitambo

Nitachangia upande wa kurekodi, kwa kuwa naona umeguswa juu juu tu.

Walichokifanya kwa utepe wa njia 24 hakikuwa cha kawaida. Katika ile sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody, Mercury, May na Taylor waliimba kila sauti mara nyingi, wakizijumuisha na kurekodi nyingine juu yake, hadi utepe wenyewe ukachakaa na kuanza kupitisha mwanga. Zile noti za juu kabisa ni za Taylor, mpiga dramu. Katika Seaside Rendezvous, yeye na Mercury waliiga ala za kupuliza kwa midomo, na mlio wa viatu vya wacheza dansi ukapatikana kwa kuvaa kastabini za kushonea vidoleni na kugonga meza ya mitambo. Mtu asiyeambiwa hajui.

Ndiyo maana iliyo dhaifu, kwa sikio langu, ni Jazz ya Novemba 1978. Mtayarishaji ni yule yule wa A Night at the Opera, Roy Thomas Baker, watu ni wale wale, lakini dramu zimekauka na sauti za juu zinakwaruza. Nyimbo nazo hazijuani. Bicycle Race na Fat Bottomed Girls zilitolewa pamoja kama wimbo wa pande mbili na zinarejeleana kwa maneno, kisha zinazozifuata hazina habari nazo. Don't Stop Me Now ni wimbo mkubwa, sibishi, ila ni Mercury na piano yake. May anapata nafasi ya maana katika solo fupi tu. Ajabu ni kwamba Hot Space inalaumiwa kwa kumnyima May nafasi, na huu unasifiwa.

Binti Shangani

Fundi, hapo kwenye Jazz umenigusa, kwa sababu Mustapha ndio unaoifungua. Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, akaondoka na wazazi wake 1964 baada ya mapinduzi, na katika nyimbo zake karibu hakuna mahali anapotaja alikotoka. Mustapha una maneno ya Kiarabu, mengine yanayofanana na Kiajemi, na mengine ya kujitungia tu. Wapo wanaouona ni mzaha, na wapo wanaoudhika nao. Mimi nasikia mtu aliyekulia karibu na lafudhi hizo na hakuzisahau, ingawa hilo ni hisia yangu na siwezi kulitolea ushahidi. Bendi nyingine ya roki ya Kiingereza isingeweza kuuanza upande wa kwanza wa santuri yake hivyo.

Msikilizaji wa Usiku

Niongeze neno fupi. Mmezungumza kana kwamba Queen walikufa 1982. Innuendo ya Februari 1991 ilirekodiwa na mwimbaji aliyekuwa mgonjwa mahututi, na bado wimbo uliobeba jina la albamu una zaidi ya dakika 6, una gitaa la flamenko la Steve Howe katikati, na ulifika namba 1 Uingereza. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba mwaka ule ule. Sikilizeni The Show Must Go On bila kufikiria hayo, kama mnaweza, kisha mniambie sauti imepungua wapi.

Mzee wa Santuri

Nashukuru kwa michango. Innuendo naiweka ya tatu, na sitaki huruma iipandishe zaidi, kwa kuwa katikati yake kuna nyimbo mbili tatu za kawaida. Leicester, kuhusu Sweet Lady umesema kweli, lakini albamu yenye nyimbo 12 inaruhusiwa kukohoa mara moja.

Mpiga Besi, hoja yako ya Deacon ni nzito, lakini onyesho la Milton Keynes halimo ndani ya Hot Space. Ninapima santuri, sipimi jukwaa, na kama wimbo ulihitaji kupelekwa jukwaani ndipo gitaa lipate haki yake, basi studio ilikosea. Wala usinijibu kwa Under Pressure. Ule waliurekodi pamoja na mwimbaji David Bowie mjini Montreux mwaka 1981, ukatoka na kufika namba 1 Uingereza miezi mingi kabla ya albamu, ukaja kubandikwa mwishoni. Ukiuondoa, upande wa pili nao unapungua uzito.

Mpiga Besi wa Kisumu

Mzee wangu, kama wimbo uliotangulia albamu hauhesabiwi, basi tuitendee haki The Game pia. Crazy Little Thing Called Love ulitoka Oktoba 1979, na albamu ikatoka Juni 1980. Uondoe huo, kisha utuwekee The Game katika orodha yako tuone iko ya ngapi.