Mrejesho: New Moon nimeitazama hadi mwisho

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama kuna maana kwa mtu asiyependa hadithi za vampaya kukaa na mdogo wake wa kike kutazama New Moon, sehemu ya pili ya Twilight iliyotoka 2009. Wengi mlinishauri nivumilie kwa ajili yake. Nimeitazama yote.

Kilichonigusa ni baada ya Edward, yule vampaya, kumwacha mpenzi wake Bella, ambaye ni binadamu. Msichana amekaa kitini karibu na dirisha, kamera inamzunguka taratibu, na kila ikizunguka linatokea jina la mwezi: Oktoba, Novemba, Desemba. Nje majira yanabadilika, yeye yuko palepale. Hasemi neno, lakini uchungu wa kuachwa unauona wote. Hapo mwongozaji Chris Weitz kafanya kazi kweli.

Jacob, rafiki yake Bella anayegeuka mbwamwitu, naye ana uchangamfu ambao Edward hana. Yeye na Bella wakianza kutengeneza zile pikipiki, filamu nzima inachangamka. Mbwamwitu hawakunishtua sana.

Kilichoniudhi ni Edward kuamua peke yake kuondoka, kisha kukimbilia Volterra, Italia, kutafuta kifo kwa habari kwamba Bella amekufa, ambayo hakuithibitisha vizuri. Mimi hilo siliiti mapenzi, na mdogo wangu nilimwambia hivyohivyo. Tulibishana mpaka usiku! Ila Michael Sheen, anayeigiza Aro, kiongozi wa vampaya wa huko Volterra, anatisha kwa tabasamu tu. Natamani angepewa muda zaidi.

Sehemu ya tatu nitaitazama, na safari hii sitasubiri kubembelezwa.