Matairi ya misimu yote: nifuate alama ya theluji au tairi linalodumu zaidi?

Mwendopole aliuliza:

Wakuu, naomba mwongozo kabla sijatoa fedha. Gari langu ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, na matairi yake ya saizi 205/55 R16 yamebaki na meno ya takriban milimita 3, kwa hiyo nataka kuyabadilisha kabla mvua hazijashika. Sina mahali pa kuhifadhi seti ya pili, wala sina hamu ya kwenda kwa fundi mara mbili kila mwaka kuvua matairi ya joto na kuvalisha ya baridi. Ndiyo maana nimeegemea matairi ya misimu yote.

Nimebakiwa na aina mbili mkononi. Ya kwanza meno yake yamechongwa kwa umbo la herufi V, na ubavuni ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ya pili ina herufi M+S peke yake, meno yake ya upande wa nje ni mapana kuliko ya ndani, na muuzaji anaisifu kwamba haina kelele, haili mafuta, na kwamba mtengenezaji ameipa dhamana ya umbali mrefu zaidi.

Safari zangu nyingi ni za barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 hadi 110 kwa saa. Mvua ndiyo hali ninayokutana nayo mara kwa mara, majira ya joto huwa makali, asubuhi zenye jalidi ni nyingi, lakini theluji yenyewe huanguka siku chache tu kwa mwaka. Je, kwa mtu wa hali yangu alama ile ya mlima ina uzito wowote? Je, ni kweli kwamba tairi lenye alama hiyo huliwa upesi na lami ya moto? Na je, naweza kwa sasa kubadilisha mawili ya mbele tu, maana ndiyo yaliyochakaa zaidi?

Fundi Rimu alijibu:

Ndugu Mwendopole, hayo mawili uliyoyashika yanauzwa kwa jina moja, lakini ni ya koo mbili tofauti. Ukoo wa kwanza, ambao ndio wa lile tairi lako la M+S, ulianzia Marekani, ambako Goodyear ilitoa tairi la Tiempo mwaka 1977 ili dereva aendeshe mwaka mzima bila kubadilisha. Matairi ya ukoo huo yanajali zaidi utulivu barabarani na maisha marefu, na theluji huivumilia kidogo tu. Ukoo wa pili umestawi zaidi Ulaya, nao unachukulia theluji kuwa mtihani wa kweli. Michelin ilipotoa CrossClimate mwaka 2015, ilijinadi kwamba hilo ni tairi la majira ya joto lililopata cheti cha majira ya baridi, na tangu hapo washindani wengi wamefuata njia hiyo.

Herufi M+S zinasimama badala ya matope na theluji, na mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kuzingatia umbo la meno na mifereji; hakuna jaribio ambalo tairi linalazimika kulifaulu kwanza. Alama ya mlima na chembe ya theluji ni jambo jingine, kwa sababu ili lipewe, tairi hupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na matokeo yake kulinganishwa na ya tairi maalumu la kulinganishia. Kwa Ulaya, masharti yake yamo katika Kanuni namba 117 ya Umoja wa Mataifa. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2024, tairi lenye M+S peke yake halihesabiwi tena kuwa tairi la majira ya baridi.

Hata hivyo, usiisome alama hiyo zaidi ya inavyosema. Jaribio lake linahusu kushika theluji wakati wa kuondoka au wa kufunga breki, basi. Halisemi lolote kuhusu kukata kona, wala kuhusu barafu tupu, ambayo katika lebo ya Umoja wa Ulaya ina alama yake ya pekee ambayo matairi ya misimu yote kwa kawaida hayana. Mtu anayeona mlima ubavuni mwa tairi kisha akaingia kwenye daraja lililoganda kwa mwendo wa kiangazi anajidanganya.

Kinachonifanya niipe alama hiyo uzito kwa upande wako ni zile asubuhi za jalidi kuliko theluji. Mpira hukakamaa kadiri baridi inavyozidi, na ukikakamaa haufuati tena vijinundu vidogo vya lami, ambavyo ndivyo vinavyoupa mshiko. Utasikia watu wakitaja nyuzi 7 za Selsiasi kana kwamba ni ukuta. Si ukuta, ni mteremko, na kila mchanganyiko wa mpira huuanza mahali pake. Lakini mtengenezaji anayetaka kufaulu jaribio la theluji hulazimika kutumia mpira unaobaki laini kwenye baridi, wenye madini ya silika (silica) ya kutosha, na kuujaza mikato myembamba ambayo kingo zake hung'ata. Ulaini huo unaubeba barabarani kila asubuhi ya baridi, iwe theluji imeanguka au haikuanguka. Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui ni kwamba mifereji ya tairi la namna hiyo inatakiwa kushika theluji na si kuitema yote, kwa sababu theluji iliyobanwa ndani ya mifereji hushikana vizuri na theluji iliyo chini.

BintiUsukani alijibu:

Ninamheshimu Fundi Rimu, ila mizani yake imeelemea upande wa theluji, wakati muuliza swali ametuambia waziwazi kwamba adui yake wa kila wiki ni maji. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa juu ya lami iliyolowa, suala la kwanza ni gari litasimama wapi. Umbali wa kusimama kwa breki hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, yaani ukitoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, umbali huo haujirudii mara mbili bali mara nne, hata kabla hatujahesabu sekunde ambazo dereva anazitumia kushtuka. Tofauti ndogo ya mshiko, ambayo mjini hata huihisi, kwenye barabara kuu inageuka kuwa urefu wa magari kadhaa.

Kwa hiyo, kaka Mwendopole, kabla ya kutazama mlima, tazama lebo. Lebo mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2021, inapanga matairi kwa herufi A hadi E, mara moja kwa ulaji wa mafuta na mara moja kwa breki kwenye maji, na chini yake inaonyesha kelele kwa desibeli. Mimi singenunua tairi la barabara kuu lililo chini ya B kwenye maji, hata lingekuwa na milima mitatu ubavuni.

Dhamana ya umbali mrefu nayo isikulevye. Mara nyingi ina masharti ya kumbukumbu za kuhamisha matairi na za kupima upepo, na fidia yake hupungua kadiri tairi linavyotumika. Hata ile namba ya uchakavu inayochongwa ubavuni kwa utaratibu wa Marekani, ambayo hutokana na msafara wa magari wa maili 7,200 kwenye barabara za Texas, hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo inasaidia kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. La kujiuliza ni kama tairi hilo bado litafunga breki vizuri litakapokuwa limechakaa. Umoja wa Ulaya umeanza kulishughulikia, kwa kuwa tangu Julai 2024 aina mpya za matairi ya magari madogo zinapoombewa idhini hupimwa breki kwenye maji zikiwa zimechakaa pia, si zikiwa mpya peke yake.

Kuhusu lami ya moto, ni kweli kwa kiasi fulani. Meno laini yenye mikato mingi hujikunjakunja chini ya uzito wa gari, na kujikunja huko kunazalisha joto, kunayala meno, na kunaufanya usukani uwe mzito wa kuitika. Tairi halisi la majira ya joto litalishinda la misimu yote kwa breki kwenye lami kavu yenye joto. Hilo halina ubishi.

Mzee wa Gia alijibu:

Nitajibu lile swali la matairi mawili, maana naona limepitwa. Usifanye hivyo, kijana wangu. Ukivalisha mbele matairi yanayong'ata theluji na nyuma ukaacha yaliyochakaa, siku ya utelezi sehemu ya mbele itatii breki na ya nyuma itataka kuipita, na gari litageuka kabla hujajua la kufanya. Kama fedha hairuhusu kabisa zaidi ya mawili, basi mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Gari likiteleza mbele, dereva wa kawaida huondoa mguu kwenye mafuta na mara nyingi hulipata tena. Likiteleza nyuma, ni wachache wanaoliweza. Lakini ushauri wangu ni manne, ya aina moja.

Mwendopole aliandika:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee wa Gia. Nimerudi kuzisoma lebo kama dada BintiUsukani alivyoelekeza. Lile lenye mlima lina B kwenye maji na C kwenye mafuta. Lile la M+S lina C kwenye maji na B kwenye mafuta, na kelele zake ni pungufu kwa desibeli 2. Sikutaja pia kwamba kazi yangu ni ya zamu, hivyo kuna asubuhi ambazo siwezi kubaki nyumbani hata theluji ikianguka. Je, mfumo wa gari wa kuzuia utelezi hauwezi kufidia upungufu wa lile la pili?

BintiUsukani alijibu:

Basi hoja yangu ya maji inakupeleka kwenye lenye mlima, kinyume na nilivyotarajia. Nilidhani muuzaji amekupa upande wa pili tairi lenye mshiko mzuri wa mvua. Kumbe ulikuwa unabadilishana breki kwa ukimya na mafuta kidogo. Kwa mtu wa zamu, ambaye hana uhuru wa kuchagua siku ya kusafiri, mimi sioni tena cha kupima.

Fundi Rimu alijibu:

Mfumo wa kuzuia utelezi hugawa mshiko uliopo, hauwezi kuuongeza. Hata gari linalovutwa na magurudumu yote manne huwazidi wengine wakati wa kuondoka na kupanda kilima, lakini katika kusimama linategemea viraka vinne vya mpira sawa na gari lako. Kwa hiyo nami nasema chukua lenye mlima, ila ujue unalipia nini.

Gharama yake halisi haiko kwenye joto kama watu wanavyodhani, iko kwenye kina cha meno. Tairi jipya huja na takriban milimita 8, na sheria katika nchi nyingi inakuruhusu kushuka hadi milimita 1.6, lakini uwezo wa theluji huwa umeshapungua sana likifika milimita 4. Austria, kwa mfano, hailihesabu tairi lililo chini ya kipimo hicho kuwa la majira ya baridi. Maana yake ni kwamba ukilihitaji kwa theluji, unatumia karibu nusu tu ya mpira wake, kisha ama unalibadilisha mapema, ama unalimalizia katika miezi ya joto ukiwa mwangalifu na madimbwi, kwa sababu mifereji iliyopungua kina hushindwa kutoa maji na gari huanza kuelea.

Ili liliwe sawasawa, lihamishe kila baada ya kilomita 10,000 hivi, la mbele liende nyuma kwa upande uleule. Kwa kuwa meno yana mwelekeo, haliwezi kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kuvuliwa kwenye rimu. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, nao unashuka kwa takriban baa 0.1 kila hali ya hewa inapopoa kwa nyuzi 10, hivyo baridi ya kwanza ikiingia usisubiri taa ya tahadhari iwake kwenye dashibodi.

Siku ya kununua, hakikisha namba za uwezo hazipungui zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa saizi yako utakuta mara nyingi 91V, yaani kila tairi linabeba kilo 615 na linastahimili mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2325 inamaanisha tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2025. Huenda ukalazimika kuzunguka hadi upande wa ndani wa tairi kuziona, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huchonga msimbo kamili upande mmoja tu. Na kabla hujaondoka kwa fundi, tembea kulizunguka gari uitazame mishale iliyochongwa ubavuni, yote minne ielekee upande ambao gurudumu huzungukia gari likienda mbele, kisha urudi kukaziwa nati ukishatembea kilomita 50 hadi 100.