Vitabu vya historia na riwaya vimezidi nafasi, na vimezidi muda

Ndugu wa Nairobi, habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili, ghorofa ya chini. Vitabu ni kama 300, nusu historia, nusu riwaya, na vingi havijafunguliwa. Kila mwezi vinaingia vinne vingine: viwili vya inama (vya mitumba, vinavyouzwa chini barabarani) pale mjini, viwili vinakuja na basi kutoka Dar. Naomba ushauri wa namna ya kuvipunguza kwa kuvisoma, na namna ya kuvihifadhi bila kugombana na mwenye nyumba.

Wa South B

---

Dada wa South B, marahaba. Kabla ya rafu, hesabu.

Riwaya ya kurasa 300 ina maneno kama 84,000. Kwa kasi ya maneno 220 kwa dakika ni saa sita na kitu. Kitabu cha historia cha kurasa 450 ni jambo jingine. Maelezo ya mwisho, marejeo na faharasa vinakula kurasa kama 90, zinabaki 360. Lakini kurasa hizo zimebanana, tuseme maneno 380 kila moja, na kasi inashuka hadi 170 kwa sababu ya majina, ramani na kurudi nyuma. Hapo ni saa kumi na tatu na nusu hivi. Sasa ukisoma dakika 40 kila siku bila kukosa, mwaka una saa 243. Historia moja na riwaya mbili ni saa 26, kwa hiyo unapata mizunguko tisa, vitabu 27. Unaingiza 48. Kila mwaka unabaki na deni la 21, na deni hilo haliishi kwa kujifunza kusoma mbiombio.

Linapungua ukikubali kwamba si kila kitabu cha historia kimeandikwa kisomwe chote. Kipe dakika 90: yaliyomo, utangulizi, hitimisho, kisha nenda kwenye faharasa utafute majina mawili matatu unayoyajua vizuri, uone mwandishi anayashughulikia vipi. Ukimaliza, chomeka ndani kipande cha karatasi chenye neno moja kati ya haya: “chote”, “sura” (na namba zake), au “rejea”. Cha rejea kinatoka kwenye lundo la kusomwa siku hiyohiyo na kwenda rafuni bila aibu. Mimi naona kati ya vitabu kumi vya historia ya ukoloni, vitatu au vinne ndivyo vinavyostahili saa kumi na tatu. Riwaya haina njia ya mkato. Kurasa 50 zikipita na huna hamu ya kujua kinachofuata, itoe.

Jingine, soma kwa mafungu. Ukichukua vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, soma vitabu vitatu mfululizo. Cha kwanza kitakuchosha, lakini ukifika cha pili Kinjikitile, Ngarambe, Gavana von Götzen na mashamba ya pamba ni watu na mambo unayoyafahamu, na kasi inapanda yenyewe. Hali ya hatari ya hapa Kenya, Oktoba 1952 hadi Januari 1960, ni fungu jingine la namna hiyo. Riwaya ziwe za kusomea ndani ya matatu, historia iwe ya mezani yenye penseli. Na katika foleni usisomee simu kando ya dirisha lililo wazi. Kitabu cha karatasi hakipokonywi.

Wa Umoja

---

Naongezea la kununua. Historia za bei kubwa zitafute kwanza mahali pa kusomea. Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa la Bank of India, zina mkusanyiko wa vitabu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Unasomea palepale, huondoki nacho. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ipo tangu 1931 na ina matawi Kaloleni na Makadara. Maktaba ya taifa iko Upper Hill. Kwa akiolojia na historia ya Afrika Mashariki, British Institute in Eastern Africa kule Kileleshwa ndiyo yenye vitu ambavyo duka halina. Kitabu utakachokitaka kwa sura moja tu, usikinunue.

Wa Kilimani

---

Nijibu la rafu, ndiyo kazi yangu.

Vitabu ni mzigo wa kilo 30 kwa kila mita moja ya rafu, na historia za jalada gumu zinazidi hapo. Kinachoharibu rafu nyingi za mafundi wa Ngong Road ni urefu wa ubao. Watu wanaagiza sm 90 kwa sababu inapendeza. Ubao uleule, ukitoka sm 60 kwenda 90, unapinda mara tano, kwa kuwa kupinda kunapanda kwa kipeo cha nne cha urefu. Unene unasaidia, lakini si kiasi hicho: kutoka mm 18 kwenda 25 ubao unakuwa mgumu mara mbili na nusu na ushee. Kwa hiyo MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ya mm 18 isizidi sm 60 bila nguzo katikati. Saiprasi iliyokauka ya mm 25 inaweza kufika 90. Chipubodi iache, hasa ghorofa ya chini: ikinywa maji kwenye kingo inavimba na skrubu zinang'oka.

Shiti moja ya MDF ni mm 2440 kwa 1220. Mwambie fundi akate vipande vitano vya upana wa mm 240 kwa urefu wote. Msumeno unakula kama mm 3 kila mkato, na bado vinatosha. Vipande viwili vitoe mbavu mbili (mbao za kusimama za pembeni) za mm 1800, na kila kimoja kinaacha ubao mmoja wa mm 600. Kipande cha tatu kinatoa mbao nne za mm 600, nusu ya cha nne inatoa mbili. Jumla mbao nane, yaani nafasi saba zenye kimo cha sm 23 na nusu. Riwaya nyingi zina kimo kati ya sm 18 na 20, zinaingia kwa raha. Kwa wastani wa unene wa sm 2.5, kila nafasi inabeba 24, kabati zima 168. Vitabu vyako 300 ni makabati mawili kamili, lakini ya historia punguza ubao mmoja upate nafasi sita za sm 28. Mgongo uwe plaiwudi ya mm 3, na upigwe misumari pande zote nne. Huo ndio unaozuia kabati kulala upande. Wengi wanauruka kuokoa pesa.

Toboa tundu la mwongozo la mm 3 kabla ya skrubu. MDF ikipigwa skrubu ya ukingoni bila tundu inapasuka tabaka.

Kuhusu ukuta: kabati la sm 180 lenye kina cha 24 halisimami salama peke yake. Vitabu vizito chini, vyepesi juu, na kabari nyembamba ya mm 5 chini ya ukingo wa mbele liegemee nyuma. Kama kuna mtoto anayepanda vitu, hayo hayatoshi. Tundu mbili za mm 6 kwenye mawe, plagi na vyuma vya pembe, kisha siku ya kuhama zibe kwa pati na rangi. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha.

Fundi wenu wa Buruburu

---

Kaka wa Buruburu, usiegemeze kabati ukutani kabisa. Acha sm 4 au 5 za hewa, na vyuma vya pembe virefushwe kufuata nafasi hiyo. Ukuta wa nje wa ghorofa ya chini ni baridi, na Aprili na Julai unyevu unaganda nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona.

Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke rafu ya chini kabisa. Asilimia 45 hadi 55 ni sawa. Ikikaa juu ya 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaanza, na unaanza kwenye migongo ya vitambaa na gundi ya wanga. Fungua madirisha saa sita mchana kukiwa kumekauka. Asubuhi yenye umande usifungue, unaingiza maji ndani. Vitabu visibanwe: kidole kipite kati ya kitabu na kitabu.

Chenye ukungu kitenge kwenye mfuko wa karatasi, kikauke kivulini penye upepo, kisha nje ya nyumba kipanguswe kwa brashi laini kavu, ukivaa barakoa. Kitambaa chenye maji kinasukuma ukungu ndani ya karatasi. Jua kali nalo linaifanya karatasi ya bei nafuu kuwa ya njano na gundi ya mgongo inakatika.

Vya inama visiingie rafuni siku hiyohiyo. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili, uangalie kama kuna unga laini au wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha. Vikionekana, funga mfuko vizuri, toa hewa, weka kwenye friza wiki mbili. Friza ya nyumbani ni kama nyuzi −18, inafanya kazi polepole. Ukitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa siku nzima. Ukiufungua mapema maji yanatua juu ya karatasi baridi. Kitabu kilicholowa usikiweke humo kwa nia hiyo.

Mchwa ni habari nyingine. Kabati liwe juu ya miguu ya sm 10, na kila mwezi mulika tochi nyuma yake kutafuta njia za udongo ukutani. Ukiziona, kuhamisha vitabu hakutoshi. Mwite mwenye nyumba, huenda kiota kiko ardhini chini ya nyumba.

Wa Lang'ata

---

Mpangilio hamjausema. Mimi napanga kwa kipindi, na riwaya nazitia humohumo: kabla ya 1885, 1885–1918, 1919–1945, 1946–1966, kisha Azimio la Arusha la 1967 na kuendelea. Riwaya ya miaka ya ujamaa ikikaa jirani na historia yake unaikumbuka.

Wa Pangani

---

Kaka wa Pangani, riwaya inayoanza 1930 na kuishia 1990 utaiweka wapi? Riwaya zipangwe kwa jina la mwandishi, basi. Ila uamue mapema: maktaba kubwa humwingiza Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye N, kwa kuwa “wa Thiong'o” si jina la ukoo. Historia ipange kwa namba za Dewey (mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada) ukitaka: 967.62 ni Kenya, 967.61 Uganda, 967.8 Tanzania.

Orodha itengeneze kwenye jedwali la simu: mwandishi, jina, mwaka, rafu, hali (chote, sura, rejea), na safu ya aliyeazima. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida. Programu za kupiga picha msimbo wa mistari ulio kwenye jalada zinasaidia kwa vitabu vipya, lakini vya Dar vya miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi havimo, na ISBN yake (namba ya utambulisho wa kitabu) ni ya tarakimu kumi. Kuigeuza iwe ya tarakimu kumi na tatu: weka 978 mbele, futa tarakimu ya mwisho, zidisha tarakimu kumi na mbili zilizobaki kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha, na kilichopungua kufikia kumi inayofuata ndiyo tarakimu mpya ya mwisho. Ukiona 9976 au 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya. Hiyo inakusaidia kujua toleo lipi unalo hata jalada likiwa limechanika.

Vya kutoa: wauzaji wa inama wengi wanakubali kubadilishana riwaya, unaongeza kidogo. Historia zenye mihuri ya maktaba hawazitaki, na wana haki. Vinavyosafiri kwa basi kati ya Dar na Nairobi, tumia katoni za sm 30 kila upande, zikijaa zinafika kilo 15 au 16. Kubwa zaidi ya hapo inapasuka chini kwenye kupakua. Funga kwa mfuko wa plastiki ndani, maana buti la basi linavuja. Juu ya katoni bandika orodha ya vilivyomo. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa vitabu vilivyochapwa ni sifuri, lakini kodi nyingine ni hesabu yake, na ofisa wa mpakani Namanga akikuta katoni haina orodha ataifungua yote.

Wa Eastleigh