Maji ni maji, kwa nini upana wa mistari upimwe upya kwa ajili ya Zuhura?

nuru_ya_jioni:
Nakokotoa jinsi infraredi inavyopenya angahewa ya Zuhura. Upana wa mistari ya mvuke wa maji, yaani vipande vyembamba vya mwanga ambavyo mvuke huo hufyonza, nimeutoa HITRAN, hifadhidata ya mistari ya gesi; nimechukua ule uliopimwa ndani ya hewa. Msimamizi wangu kaukataa. Molekuli si ni ileile popote?

mpima_gesi:
Molekuli ni ileile, majirani ndio wamebadilika. Mstari hupanuka kwa sababu molekuli hugongana, na upana wake hutegemea inagongana na nani. Hewa yetu ni nitrojeni na oksijeni. Ya Zuhura ni dioksidi ya kaboni kwa asilimia 96.5, na hiyo huipanua mistari ya maji zaidi kwa kiasi kikubwa. Matoleo mapya ya HITRAN yana safu ya upanuzi huo kwa baadhi ya gesi. Anzia hapo.

Nafanya kazi hii na naipenda, ila niseme ukweli: ugumu wake uko kwenye joto. Ili kupima gesi maabara tunaijaza bombani: vioo viwili vikitazamana, leza inaenda na kurudi mpaka bomba la mita moja linakupa njia ya kilomita kadhaa. Hilo tunaliweza. Lakini pasha bomba hilo: katikati panachemka, kwenye madirisha panabaki baridi, na gesi hujazana zaidi upande wa baridi. Sasa umepima kwa nyuzi ngapi? Upimaji usiosema joto lilisambaaje mimi siutumii.

sikio_la_redio:
Mfano mwingine wa kwa nini lazima kupima ni mawimbi ya redio. Vyombo vya anga vilipopita nyuma ya Zuhura, mawimbi yao yalififia kuliko ilivyotarajiwa, na dioksidi ya salfa ikashukiwa. Watafiti Steffes na Eshleman walipoupima mvuke wa asidi ya salfuriki maabara, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaonekana huo ndio mfyonzaji mkubwa.

nuru_ya_jioni:
Asanteni. Je, nikipima kwa shinikizo la bari 1 kisha nizidishe hadi 92 za kule chini, usoni mwa Zuhura?

mpima_gesi:
Usifanye hivyo. Kule chini, kwenye nyuzi 460 za Selsiasi hivi, molekuli zimesongamana mno: mbili zikigongana hufyonza mwanga ambao kila moja peke yake ingeuacha upite. Nayo mikia ya mistari ya dioksidi ya kaboni, yaani ufyonzaji ulio mbali na kitovu cha mstari, hushuka haraka kuliko inavyotabiri fomula ya Lorentz, ile ya kawaida ya umbo la mstari. Tafuta vipimo vya shinikizo kubwa, na uandike umetumia mkia upi.